Wiki ya Ishirini na Nane

Wamebandika ramani getini, pale Yav anapokatia tiketi:
vyumba mia mbili na arobaini, kila kimoja na veranda yake,
kila veranda imeligeukia gurudumu letu.
Hununui chumba, akasema kijana wa tai. Unanunua wiki.
Moja kwa mwaka, miaka thelathini,
na ukifa, wanao watairithi.

Tulikuwa pale sisi wa kila Jumapili,
tunaojua ni farasi yupi wa mbao amekatika sikio,
ni kigari kipi hukupiga shoti siku ya mvua.
Ikawa kelele.

Mama Chola aliweka chini ndoo ya munkoyo:
"Kumbe wiki zinauzwa? Nipimieni Jumanne moja,
nimechoka na hii niliyo nayo."
Kapend, aliyemposa mkewe kwenye bembea ya mashua,
akasema hatimaye, jamani, hatimaye tutalala humu humu,
alfajiri tuwe wa kwanza, viti bado vina umande.
Macho yalimlowa. Sikumcheka.

Numbi, fundi saa, alichuchumaa
akapiga hesabu kwa kidole vumbini,
vyumba mara wiki hamsini na mbili,
akafuta, akarudia.
"Wenye wiki elfu kumi na mbili mia nne na themanini.
Na gurudumu lina vikapu kumi na sita.
Sisi tutapanda lini?"
Kijana alimsifu kwa hesabu yake
akafungua kitabu cha bei.

Wiki za jakaranda, mji ukioga zambarau: nyekundu, ghali.
Za Krismasi, usiulize.
Za Januari, mvua ikiigeuza njia ya Kipushi kuwa uji: nyeupe, nusu bei.
Za Julai, baridi, vumbi, midomo imepasuka: buluu.
"Hizo, mama, tunakaribia kuzigawa. Hakuna azitakaye."

Mimi nazitaka.

Ya ishirini na nane. Ndiyo wiki kiwanda kilimkumbuka baba,
malimbikizo ya miezi saba kwa mkupuo mmoja.
Alirudi na noti ndani ya gamela,
zinanuka asidi na maharage,
akatuvika sweta zote zilizokuwa nyumbani,
mimi mbili, moja kinyume,
akatuleta hapa.

Tulipofika juu kabisa umeme ukakatika.
Chini watu walipiga mayowe, mtu akaita jina la Yesu,
mdogo wangu akajikojolea, na joto lile
tuligawana sote, kikapu kilikuwa kidogo.
Baba hakupiga kelele. Alinyoosha mkono:
lile bomba la moshi. Ule mlima mweusi wa takataka za shaba,
mimi nimo ndani yake, alisema, nusu yake nimeupakia mimi.
Na kule, pale penye mawe juu ya bati, ni kwetu.
Sikuwahi kujua kwamba kwetu kunaonekana.
Tulilipia dakika tano, tukapewa saa nzima.

Kijana wa tai alikuwa anamalizia:
jenereta mbili mpya, kubwa, kutoka ng'ambo.
"Gurudumu halitakwama tena kamwe."
Watu walishangilia. Nami nilipiga makofi,
mikono ina adabu yake.

Nikauliza bei ya buluu. Akaniandikia kwenye kikaratasi,
kwa upole, kama daktari.
Nilifungua fundo la kitenge nikahesabu, nikafunga.
"Mchana mmoja hamuuzi?" nikauliza. "Hata nusu ya mchana.
Hata saa moja, ya jioni, ya Julai."
Alidhani namtania. Akacheka, akanipa kalamu yenye jina la kampuni.

Basi nikaenda kwa Yav nikakata tiketi, ya dakika tano.
Kikapu cha tisa, kile kinacholia kama mlango wa kuku.
Kwa Numbi, pale chini, hesabu ilikuwa bado vumbini
na watoto walikuwa wanaikanyaga.
Juu kabisa nilifumba macho
nikausubiri umeme ukatike.

Umeme wetu huu, unaokatika chakula kikiwa jikoni,
unaokatika daktari akiwa ameshika kisu,
jioni ile, kwa ukaidi,
haukukatika.